Rangi ya Kinga ya Baba

Huku kwetu Butembo na Beni baisikeli huitwa kinga. Mtu wa pwani alisikiapo neno hilo hufikiri habari za ngao na dawa. Sisi twafikiri magurudumu mawili na kengele. Twaanza kwa kusema hayo ili mgeni asipotee njiani, kwa maana twataka kusimulia habari ya kinga moja tu, ile ya marehemu baba yetu, na jinsi tulivyoitafuta rangi yake kwa muda wa miezi saba.

Sisi tuandikao ni ndugu wawili. Mkubwa anakaa Butembo katika nyumba ya wazazi pamoja na Mama. Mdogo anakaa Beni, na kazi yake ni kupaka rangi milango ya chuma na magari. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kinga yake ilikuwa Raleigh ya Kiingereza, aliyoinunua mwaka 1958 kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ilikuwa na gia tatu, zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ajuaye milima ya Butembo hataona kwamba gia hizo zilikuwa anasa. Ukikifuta kitovu hicho vizuri utaona herufi AW na tarakimu 57, maana watengenezaji wake, Sturmey-Archer, walikuwa wakipiga chapa ya mwaka juu ya chuma chenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya umri wa kinga hiyo. Ubishi ulikuwa juu ya rangi.

Yatupasa tuungame kosa letu kwanza. Mwaka 1984 tulikuwa vijana, na binamu yetu alikuwa akioa. Tukaona haya kufika arusini na kinga kuukuu. Baba alipokuwa safarini tuliichukua, tukaisugua kwa mchanga na kipande cha tofali mpaka chuma kikang'aa, kisha tukaipaka rangi ya buluu iliyobaki katika kopo baada ya kupakwa milango ya darasa. Tulijiona mafundi. Baba aliporudi aliizunguka mara moja, akaupitisha mkono juu ya bomba la juu, akapanda, akaenda zake shuleni. Hakusema neno siku ile, wala siku nyingine yo yote, mpaka alipofariki mwaka 1991. Afadhali angetuchapa.

Basi mwaka 2022, macho ya Mama yalipokuwa yamefifia sana, alituita wote wawili, akasema, “Wanangu, kabla sijafunga macho nataka kuiona kinga ya baba yenu kama siku ile aliponijia nayo kwa wazazi wangu.” Tukamwuliza, “Mama, ilikuwa na rangi gani?” Akajibu, “Kijani. Baba yenu alisema ni rangi ya jani la kahawa lililokomaa.” Mkubwa wetu alidhani ilikuwa nyeusi. Mdogo hakukumbuka rangi nyingine ila ile buluu yetu ya aibu.

Mtu ye yote asidhani kwamba kijani ni kijani tu. Mdogo wetu, ambaye amefanya kazi ya rangi kwa miaka thelathini, alileta kutoka dukani makopo matatu ya kijani, yaliyokuja kwa njia ya Mombasa, Kampala na Kasindi kama bidhaa nyingi za kwetu. Lo lote kati ya hayo lingefaa mlango. Lakini tulipompelekea Mama vipande vya bati vilivyopakwa rangi hizo, alivigusa kwa heshima kisha akavirudisha. Mtu akitafuta sura ya mtu mmoja, hasaidiki kwa kuonyeshwa umati.

Kwanza, basi, ilitupasa kuipata ile rangi ya asili, kama ilikuwako bado. Mkubwa wetu akaanza kukwangua buluu kwa msasa mkavu, na hilo lilikuwa kosa la pili. Msasa haujui mwisho wa buluu wala mwanzo wa kijani, hula vyote. Tena twawaonya wenzetu: rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo ambao hutia vidole kinywani. Mdogo alipofika kutoka Beni akakuta wajukuu wamezunguka wakitazama, alimnyang'anya kaka yake msasa mbele ya watu wote, jambo ambalo si desturi yetu. Tangu siku hiyo tulisugua kwa maji, kwa msasa laini, watoto wakiwa mbali, na tope lake tukalifukia shimoni.

Mama alikuwa ameketi barazani akisikiliza. Ndipo aliposema, “Msihangaike na mabomba. Tafuteni mahali ambapo jua halikufika, na ninyi hamkufika.”

Naam, hiyo ndiyo kanuni yote ya kazi hii, nasi tungaliweza kusoma vitabu kumi tusiipate kwa maneno machache hivyo. Mbele ya kinga za Raleigh, chini ya usukani, hukaa nembo ya chuma yenye kichwa cha ndege wa shingo ndefu. Tuliing'oa taratibu. Chini yake palikuwa na kijani, upana wa vidole viwili, kizito na chenye kina, kama maji ya kisima kilichofunikwa na miti. Tukatafuta tena chini ya kishikio cha taa, tukakuta kijani kingine. Na chini ya pete ifungayo nguzo ya kiti, cha tatu. Ajabu ni kwamba havikufanana. Kile cha chini ya kiti kilikuwa kimeingiwa na oili na jasho la miaka, kikawa kama hudhurungi. Kile cha chini ya taa kilikuwa kimepauka upande mmoja, mahali mwanga ulipopenya. Tulivisafisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, kisha tukavisugua polepole kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia magari, ili kuondoa ngozi ya juu iliyokufa. Vikasogeleana, lakini havikuwa kimoja. Tuliamua kuamini kile cha chini ya nembo, kwa sababu hakikuwahi kuona jua tangu kilipotoka kiwandani.

Na chini kabisa, mahali mhimili wa pedali unapopita, tulikuta kitu kingine juu ya kijani, chini ya buluu: utando mweusi, mgumu kama lami. Hapo mkubwa wetu akashangilia akisema, “Si niliwaambia ilikuwa nyeusi?” Mama akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe weusi ule ulikuwa wake. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wameuteka mji wa Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, na vita hivyo vikafika Beni na Butembo. Kinga nzuri ilikuwa mali ya kuchukuliwa, na pengine mwenyewe alichukuliwa pamoja nayo. Mama, mwenye umri wa miaka 23 na mtoto mgongoni (huyo ndiye mkubwa wetu), alikwangua masizi ya vyungu vyote vya ujirani, akayakoroga katika mawese, akaisiriba kinga nzima, nembo na yote, kisha akaiegemeza nje penye banda la mbuzi ili isionekane kama imefichwa. Hakuna aliyeitaka. Vita vilipopita Baba aliiosha kwa majivu na maji ya moto siku tatu. Lakini masizi yale yalikwisha kujificha katika pembe na viungo, nayo yakawa magumu. Sisi tulikuwa hatujapata kusikia habari hiyo. Tumeishi na Mama miaka sitini kasoro, wala hatukumwuliza.

Mkubwa wetu, aliyekwisha kushika kisu ili kuubandua utando ule, alikiweka chini.

Turudi kwenye kijani. Huenda msomaji atauliza: kwa nini msiwaandikie wenye kiwanda wawatumie kopo moja? Kiwanda kile cha mji wa Nottingham kiliacha kutengeneza baisikeli mwaka 2002. Tena ziko orodha za rangi zenye namba, ambazo wapaka rangi hutumia ili mtu wa mji mmoja na wa mji mwingine wapate rangi ileile: Wajerumani walianza yao iitwayo RAL mwaka 1927, ikiwa na rangi 40 tu. Mdogo wetu anayo karatasi yenye baadhi ya namba hizo. Lakini kijani chetu kiliangukia katikati ya namba mbili, kama mtu aliyeketi juu ya mpaka wa mashamba. Rangi ya kiwanda cha zamani ilikuwa ikiokwa katika tanuru, na mng'ao wake si ule wa rangi ya burashi. Haikuwako njia nyingine ila kuchanganya kwa mkono.

Mdogo akasema atachanganya Beni, kwenye vyombo vyake, nasi tumtumie picha kwa simu. Tulimtumia. Akatuma jibu: “Mbona mmeniambia kijani? Hii ni buluu.” Tulipiga picha nyingine saa kumi jioni, akasema hiyo ni nyeusi. Simu hujaribu kuisahihisha rangi kwa hesabu zake yenyewe, nayo haikuwako Butembo mwaka 1958. Tukaiacha. Badala yake mdogo alikata makopo ya maziwa kuwa vipande vidogo, akapaka kila kimoja mchanganyo mmoja, akaandika namba nyuma kwa msumari, na katika daftari akaandika vipimo. Alipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano: kijani cha dukani kadha wa kadha, nyeusi kidogo, njano kidogo, na tone la nyekundu. Wengi hushangaa kusikia nyekundu, lakini kijani cha dukani hupiga kelele, na nyekundu ndiyo humnyamazisha. Yafaa kuanza na rangi nyepesi na kuongeza nzito tone kwa tone, kwa kuwa tone moja la nyeusi hufanya kazi upesi, na kulirudisha nyuma humaliza kopo zima la kijani. Wala usihukumu rangi ikiwa mbichi. Ikikauka hubadilika, na yetu ilizidi kuwa nzito kila mara.

Kati ya Beni na Butembo ni kilometa zipatazo 54. Vipande vile vilisafiri kwa pikipiki, vimefungwa katika gazeti, mara nne. Mara moja vilikaa Beni majuma mawili kwa sababu ya habari mbaya za njiani. Tangu mwaka 2014 watu wa eneo la Beni wameona mauaji mengi, na mdogo wetu alikuwa amezika jirani juma lile. Alituandikia, “Nimekaa mbele ya makopo ya rangi nikajiuliza nafanya nini.” Tulimjibu kwamba hatujui, lakini Mama anangoja. Akaendelea.

Kipande cha 11 kilikuwa karibu sana. Usiku ule, chini ya taa, tulikiweka kando ya alama ya chini ya nembo, hatukuweza kuona mpaka. Tulifurahi, tukanywa chai. Asubuhi tulipokitoa nje kilikuwa kimegeuka kama nyasi. Rangi mbili zaweza kupatana katika mwanga mmoja na kugombana katika mwingine; hivyo yapasa kuzipima nje, mchana, kivulini. Mafundi wa Ulaya husifu sana dirisha lielekealo kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua halimulikii ndani kwa upande huo. Nasi tulilijaribu dirisha la kaskazini, tukakuta jua limeingia mpaka kitandani! Butembo i karibu sana na Ikweta: nusu ya mwaka jua hupita kaskazini yetu, nusu ya pili kusini. Tuliishia chini ya mwavuli wa mparachichi, saa tatu asubuhi, siku ya mawingu. Hapo kipande cha 17 kilikaa kando ya kijani cha zamani, na mkubwa wetu, ambaye hushindana na mdogo wake kwa kila jambo, alikaa kimya.

Tukampelekea Mama. Akakiinua karibu na uso, akakigeuza, akasema, “Hii ni rangi ya tope. Ile ilikuwa hai.”

Hapo ndugu wawili waligombana kweli. Mdogo alisema, “Kazi hii ni ya nani? Ni ya Mama. Tuongeze njano na kijani kibichi mpaka afurahi.” Mkubwa akasema, “Mara ya kwanza tuliipaka kinga ya Baba rangi tuliyoipenda sisi. Je, tutafanya hivyo mara ya pili?” Maneno yaliyofuata hatuyaandiki. Siku tatu hatukupigiana simu.

Aliyetuokoa ni mjukuu, msichana wa darasa la sita. Kwa kuwa alisikia habari ya jani la kahawa, alikwenda nyuma ya nyumba, akachuma jani moja lililokomaa, likiwa bado na umande, akamtia bibi yake mkononi. Mama akalitazama. “Na hili nalo,” akasema, “limenyauka.”

Lilikuwa limechumwa dakika ile. Mkubwa wetu alisimulia baadaye kwamba alitazamana na mtoto yule, wala hakuna aliyesema. Rangi haikuwa na kosa. Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na ugonjwa huo, pamoja na kuleta ukungu, huipaka dunia nzima rangi ya njano na hudhurungi, polepole mno hata mgonjwa hajui. Kwa miaka mingi Mama alikuwa ameona migomba, mavazi ya sikukuu na nyuso zetu kupitia kioo kichafu, akidhani ndivyo vilivyo. Tuliona haya kuliko mwaka 1984. Miezi minne tulikuwa tukiyachunguza macho ya chuma, na macho ya mama yetu hatukuyapeleka kwa mganga, kwa kuwa tulisema, “Ni uzee.”

Fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya matairi mapya na tandiko la ngozi zilikwenda kwenye upasuaji wa jicho la kulia. Jicho la kushoto lilingoja.

Wakati huo tuliipaka kinga. Habari za kupaka ni fupi. Tuliondoa buluu yote, tukapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha kijani cha kipande cha 17 mara tatu, tukisugua kwa maji kati ya mara na mara. Vanishi tuliyoipaka Butembo alasiri moja kabla ya mvua iliingiwa na unyevu, ikafanya ukungu mweupe kama maziwa juu ya kazi yote, ikabidi kuanza tena. Butembo ni mji wa baridi, juu ya meta 1,700. Beni iko chini zaidi na ina joto. Basi mabomba yalishuka Beni yamefunikwa kwa blanketi, yakapakwa vanishi huko asubuhi ya jua, yakakaa juma moja, yakapanda tena. Mistari ya dhahabu mdogo aliichora kwa unyoya wa kuku. Ukitazama karibu utaona inatetemeka. Na pale chini penye mhimili wa pedali hatukupaka kitu. Tulizungushia karatasi, tukaacha masizi ya Mama upana wa kiganja, na kijani cha mwaka 1957 kikichungulia pembeni.

Mama alirudi na kitambaa juu ya jicho moja. Kitambaa kilipotolewa, siku ya pili, tuliitoa kinga chini ya mparachichi. Alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama. Akalifunika la kulia, akatazama. Akafanya hivyo mara tatu, nne, kama mtoto aliyegundua mchezo, akaanza kucheka.

“Kwa jicho hili,” akasema, “ni yenyewe, ndiyo aliyonijia nayo. Na kwa hili ni tope lenu.”

Akataka kuyaona masizi yake. Tuliilaza kinga ubavu, akainama, akapitisha kidole, akakitazama kidole chake: hakikuchafuka. Akatuuliza kama Baba alijua kwamba yalibaki. Tukasema hatujui. “Alijua,” akasema. “Alikuwa akiisafisha kila Jumamosi.” Kisha akanyosha mkono kwenye usukani, akaitafuta kengele, akaipiga.